Mawe ya Lewokoli Yalipolala Kifudifudi

Kituo cha kuangalia mlima kilikuwa na vyumba viwili, cha mashine na cha kulala, na dirisha moja kubwa lililoutazama usoni mlima wenyewe, uitwao Ile Lodo. Bala Lamawuran alikuwa ameketi nyuma ya dirisha hilo kwa miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kutazama kalamu nyembamba ya chuma ikichora mstari kwenye karatasi iliyozungushwa juu ya rola, na kuhesabu kila mara kalamu hiyo iliporuka. Ikiruka mara tano kwa siku, mlima ulikuwa umelala. Ikiruka mara hamsini, mtu aliyelala alikuwa ameanza kugeuka kitandani.

Chombo chenyewe kilichoirusha kalamu hakikuwa kituoni. Kilizikwa kilomita sita kutoka hapo, ng'ambo ya bega la mlima, nyuma ya jiko la mwisho katika kijiji cha Lewokoli, kwa kuwa ni watu wa Lewokoli peke yao waliokubali shamba lao lichimbwe. Chombo cha pili kilikuwa karibu na kilele, lakini betri yake ilikuwa imekufa tangu mwezi uliotangulia na ofisi kuu ilikuwa imeahidi nyingine.

Kuzika chombo nyuma ya jiko kulikuwa na taabu yake. Kila alfajiri wanawake wa Lewokoli huponda mahindi. Mwanamke huketi chini, chungu kikiwa motoni kushoto kwake, huchota punje mbili tatu kwa vidole vitupu zikiwa bado zinarukaruka, huziweka juu ya jiwe pana na kuzipiga pigo moja kwa jiwe la mkononi, zikawa bapa kama magamba ya samaki. Wanawake thelathini wakipiga kwa pamoja hatua hamsini kutoka kwenye chombo, kalamu ya kituoni huandika meno madogo madogo, makali, yanayofanana sana na mitetemo midogo ya mlima. Waangalizi waliomtangulia Bala walikuwa wamekubaliana juu ya dawa ya jambo hilo. Meno ya namna ile huwekewa alama ya J, kwa maana ya jikoni, na hayaingii katika hesabu inayotumwa ofisi kuu.

Alhamisi alfajiri Bala alipigiwa simu na mkwewe Kopong. Ina Tuto, mama yake Kopong, alikuwa amefariki Jumatano usiku. (Huko mwanamke mzima huitwa Ina, na mwanamume Ama.) Peni, binti pekee wa Bala, alikuwa ameolewa na Kopong, na sasa yeye ndiye angekaa kwenye mkeka wa msiba pamoja na mzee Laga, mume wa marehemu. Bala alilia kidogo, kisha akaeleza kwamba Sabon, mwenzake wa kituoni, alikuwa mjini Kupang kwa matibabu na angerudi Jumapili. Kituo hakiachwi bila mtu. Angefika Jumapili.

Saa kumi na moja na dakika kumi, simu ikiwa bado ina joto mkononi, kalamu iliruka.

Bala alizaliwa kaskazini mwa kisiwa cha Adonara. Kwao, mtu akifa, mawe hayanyamazi. Wageni mia mbili wanataka kula, na wanawake huponda kwa zamu tangu jua linapochomoza mpaka linapozama. Kwa hiyo kalamu iliporuka mara arobaini na moja siku ile, alitikisa kichwa kwa huzuni na kuandika J. Ijumaa iliruka mara tisini na sita, naye akajiambia kwamba Ina Tuto alikuwa mtu wa watu. Jumamosi iliruka mara mia mbili na kumi. Meno hayo hayakuwa na mwendo mmoja, mengine yalifuatana upesi na mengine yalichelewa. Lakini mikono ilikuwa mingi, akafikiri, na majonzi hayapigi kwa mwendo. Akaandika J. Kanuni haikumdai kuhesabu meno ya jikoni, ila yeye alipenda mambo yaliyokamilika, kwa hiyo idadi ya kila siku aliiandika katika kijitabu chake cha mfukoni. Taarifa aliyoituma ofisi kuu kwa siku zote tatu ilikuwa na neno moja: Kawaida.

Jumapili Sabon alirudi. Bala alimkabidhi kiti, akachukua redio ya mkononi, akafunga kwenye pikipiki kitambaa cha kufunikia kaburi la marehemu na dumu la tembo, pombe ya mti wa mvumo, akaondoka. Alifika Lewokoli saa sita na nusu mchana. Penye kuingilia kijiji alipita ubao wa kituo, aliouchora kwa mkono wake mwenyewe, wenye rangi ya kijani: HALI YA MLIMA: KAWAIDA.

Uani kulitandikwa mikeka sita. Mzee Laga alikaa kwenye mkeka wa katikati, miguu ameikunja, macho chini. Peni alikuwa kando yake, nywele hazijafungwa, uso umemvimba. Bala aliwashika wote mikono, akaketi, akanyamaza kwa muda unaotakiwa. Kisha Peni akamletea sinia: muhogo wa kuchemsha, ndizi, samaki mkavu.

Msibani kuna ucheshi unaoruhusiwa, nao hupewa mkwe. Bala alimgeukia Ina Barek, shangazi wa Kopong, ambaye mdomo wake ulijulikana mpaka pwani.

"Ina Barek, mbona hivi? Siku tatu mmeponda mpaka kalamu yangu imepata kikohozi, halafu mimi naletewa muhogo? Mahindi mmemfichia nani?"

"Haya, mwoneni huyu!" Ina Barek alisema. "Ama Bala, dumu umelifungulia njiani? Nani kaponda?"

"Ninyi."

"Tumeponda lini? Mtu amekufa, bwana! Tangu Jumatano usiku mawe yamelala kifudifudi. Hapa si kwenu Adonara, mnakofanya msiba kama harusi."

Watu walicheka kwa chini. Bala aliendelea kushika kipande cha muhogo, hakukila wala hakukirudisha.

"Hakuna jiko hata moja lililoponda?" aliuliza.

"Siku nne. Mpaka mkeka ukunjwe kesho alfajiri. Ukiponda, unamponda marehemu njiani. Peni, hujawahi kumwambia baba yako?"

"Hakuwahi kuuliza," Peni alisema.

"Ina Barek," Bala akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "tafadhali, niulizie wote. Mmoja mmoja."

Ina Barek alidhani utani ungali unaendelea. Akasimama, mikono kiunoni. "Kewa! Wewe mwenye njaa ya kudumu! Umeligusa jiwe lako?"

"Sijaligusa."

"Ose?"

"Sijaligusa, Ina."

"Lepang? Usinidanganye, watoto wako nawajua."

"Wamekula ndizi siku zote. Sijaligusa."

Aliendelea hivyo. Kila mwanamke alijibu neno lile lile, na kila neno lilimpiga Bala mahali pamoja. Walipofika kumi na moja, Ina Barek alimtazama usoni na hakuita jina la kumi na mbili.

Bala alisimama, akaenda pembeni ya ua, akabonyeza redio. "Sabon. Tangu asubuhi kalamu imeruka mara ngapi?"

"Mia moja sitini na nne, kaka." Sauti ya Sabon ilikuwa na uchangamfu wa mtu aliyetoka kupona. "Zote nimeziwekea J. Watu wa huko leo wanapika kweli kweli! Nibakizie."

"Sabon, hakuna anayeponda."

"Nini?"

"Hakuna jiwe hata moja linalopigwa hapa. Tangu Jumatano usiku."

Redio ilibaki ikikoroma. Kisha Sabon akasema polepole, "Kaka. Nimerudi kuitazama karatasi. Haya meno hayana mwendo."

"Najua. Piga simu ofisi kuu. Waambie idadi zote: arobaini na moja, tisini na sita, mia mbili na kumi, na za leo. Waambie wapandishe daraja la tahadhari sasa hivi."

Aliporudi kwenye mikeka, kila mtu alikuwa amesikia. Hakuwa na namna ya kulipamba jambo lenyewe, naye hakujaribu. Alitoa kijitabu, akawasomea, siku kwa siku. Akawaambia kwamba mlima ulikuwa ukivunjika kwa ndani tangu Alhamisi, kwamba yeye aliyadhania mapigo yake kuwa mapigo yao, na kwamba Lewokoli ilikaa mdomoni mwa korongo ambalo wingu la moto, likitoka, lingeshuka nalo. Watu wote waondoke sasa, waende shule ya pwani ng'ambo ya daraja.

Alitarajia kelele. Aliyeongea alikuwa mzee Laga, na aliongea kwa upole.

"Mapigo hayo tumeyasikia, Ama Bala. Si kalamu yako peke yake iliyoyasikia. Ukilala sikio chini, yapo. Ni Tuto. Anabisha. Anataka siku yake ya nne."

Wazee wengine waliitikia kwa vichwa.

"Miaka arobaini na minne nimelala na mwanamke yule," mzee aliendelea. "Akiwa hai alikuwa akigonga ukuta nikichelewa kula. Sasa anagonga chini. Wewe unaniambia nimwache katikati ya njia?"

"Na ule ubao je?" Kewa aliuliza. "Ubao unasema Kawaida. Mwaka ule uvumi ulipotoka tukakimbia, wiki tatu tukalala kwenye turubai, nguruwe wakamaliza mashamba. Ulituambia nini? Ulitusimamisha pale pale ukatusuta kama watoto. Mtu asiondoke mpaka mimi niseme. Si wewe?"

"Ni mimi. Na sasa nasema."

"Umesema Kawaida jana!"

Bala alipiga magoti uani. Alikuwa amelifundisha somo hili mara nyingi shuleni, akiwa na chaki na muda wa kutosha. Sasa alivuta mikeka miwili mitupu, akailaza ukingo kwa ukingo.

"Nitazameni. Ardhi si kipande kimoja. Ni mabamba, kama mikeka hii. Huu ni wetu. Huu mwingine ni sakafu ya bahari, unatoka kusini, unasukumwa kuja kwetu, polepole, kadiri kucha inavyokua. Hakuna nafasi. Kwa hiyo unaingia chini." Akausukuma mkeka wa pili mpaka ukingo wake ukapotea chini ya wa kwanza, na ule wa juu ukatuna na kujikunja. "Hauteremki kwa ulaini. Unakwama, unakwama, kisha unateleza ghafla, na sisi tunatetemeka. Ukifika chini sana, kilomita mia, unatoa maji uliyokuja nayo, na maji hayo yanalifanya jiwe la juu yake liyeyuke. Jiwe lililoyeyuka linapanda. Ndiyo maana milima ya moto imepangwa kwa safu moja, Flores, Adonara, hapa kwetu, kama watu kwenye foleni. Inafuata ukingo wa mkeka. Ndiyo maana tetemeko na moto ni majirani karibu popote duniani. Vyote viwili vinakaa mpakani."

"Timor wanatetemeka kutushinda," Kopong alisema, "na hawana mlima wa moto hata mmoja."

"Timor wako pale ukingo unapoanza kuingia. Bado hapana kina. Moto unataka kina. Sisi tuko juu ya kina." Bala alimgeukia mzee. "Kinachogonga sasa ni jiwe, Ama. Jiwe lililoyeyuka linatafuta njia, linapasua jiwe gumu. Si Ina Tuto. Angekufa mwaka jana au mwaka kesho, hili lingekuja leo."

Mzee Laga alinyanyua macho. Yalikuwa makavu kabisa.

"Alhamisi ulijua kwamba ni wanawake. Leo unajua kwamba ni jiwe. Kesho utajua nini?"

Bala aliitenganisha mikeka miwili. Mzee akaendelea, "Nenda na watu wako. Mimi nitamsubiri mpaka alfajiri. Ni siku moja tu."

Redio ilikoroma. "Kaka, ofisi kuu wanasema taarifa zetu za siku tatu zinasema Kawaida. Wanataka muda wa saa mbili wahakiki karatasi ndipo wapandishe daraja."

"Waambie wahakiki," Bala alisema. "Wewe niambie kalamu."

"Kumi na tisa tangu ulipoita."

Baadhi ya watu walikuwa wameanza kuondoka bila kuaga. Lori la kubebea korosho lilikuwepo, na dereva wake alikuwa tayari amewasha injini. Lakini waliobaki walikuwa wengi, nao wote walimtazama mzee Laga, na Peni alikuwa amekaa kando yake bila kusogea. Bala alimwinamia bintiye.

"Peni, inuka."

"Siwezi kumwacha."

"Kopong atambeba."

"Kumbeba mtu kutoka kwenye mkeka wa msiba? Baba, unajua unasema nini? Mkeka haujakunjwa. Mpaka ukunjwe, mimi na yeye ni wa hapa."

"Mwanangu, nakuomba."

"Unaomba nini? Ninyi wawili mmesikia mlio mmoja. Yeye amesikia mke wake. Wewe umesikia jikoni. Mimi nimwamini nani?" Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia. "Niambie jambo moja tu. Litatoka lini?"

Angeweza kusema: saa hii. Angeweza kusema: kabla ya jua kuzama, na pengine hofu ingefanya kazi ambayo hesabu ilishindwa kufanya. Lakini alikuwa amewaambia Kawaida kwa siku tatu kwa uhakika uo huo.

"Sijui," alisema. "Huenda likatoka sasa, huenda wiki ijayo, huenda lisitoke kabisa. Najua idadi tu. Idadi inapanda, na sijawahi kuiona ikipanda hivi."

Kisha ardhi ikapiga. Halikuwa tetemeko kubwa. Masinia yaliteleza kidogo na mbwa wakanyamaza. Mzee Laga aliweka kiganja chake chini, karibu kwa upendo.

Peni alisimama. Alimshika mzee mabega, akamsogeza kwa nguvu asizotarajiwa kuwa nazo mpaka nje ya ukingo, akaanza kuukunja mkeka. Ukelele ulitoka kwa Ina Barek. Mke wa mwana hana ruhusa ya kuukunja mkeka. Hukunjwa na kaka wa marehemu, siku ya nne ikiisha, jua likiwa halijatoka. Peni aliukunja mpaka mwisho, akaufunga kwa kamba ya kiuno chake, akausimamisha mlangoni.

"Umekunjwa," alisema. "Dhambi ni yangu. Kopong, mbebe baba."

Mzee Laga hakumtukana. Jambo hilo Bala alilikumbuka baadaye zaidi ya mengine yote. Alimtazama tu yule mwanamke aliyemlisha kwa miaka sita, kana kwamba anajaribu kukumbuka amemwona wapi. Kopong alipompakia mgongoni, alianza kumpiga mwanawe mabega kwa ngumi zake nyepesi, na aliendelea kumpiga mpaka kwenye lori.

Mkeka ulipokunjwa, kijiji kilivunjika. Wale waliokuwa wakingoja walikimbilia majikoni, wakatoka na watoto, na picha za ukutani, na jogoo. Ina Barek alipanda lori akiwa na redio ya muziki na rozari, akiwasuta wote waliomtangulia. Safari ya kwanza iliondoka saa nane na robo. Ya pili iliondoka saa tisa na robo. Bala aliiongoza ya pili kwa pikipiki, Peni na mzee wakiwa ndani yake.

Kopong hakuwa ndani yake. Alipokuwa akimpandisha baba yake alisikia mtu akisema kwamba wagema watatu walikuwa kwenye mivumo ya juu tangu asubuhi, hawajui lolote.

"Nawaita, nashuka nao," alimwambia Bala. "Lori likirudi mara ya tatu litatukuta penye ubao."

"Usipitishe saa kumi."

"Mkwe, mimi nina miguu. Wewe ndiye una kitambi." Akacheka, akampiga Peni kofi jepesi la begani, akapanda njia ya mivumo akikimbia.

Daraja lilikuwa njiani kati ya kijiji na pwani, si mbali na shule. Bala alisimama hapo huku lori likiendelea kwenda kushusha watu. Lilirudi tupu dakika chache kabla ya saa kumi. Wakati huo huo redio iliita, na Sabon hakuwa na uchangamfu tena.

"Kaka, meno yamekwisha. Kalamu haitui. Inachora mstari mmoja mnene, inatetemeka tu, haitui kabisa."

Bala alilijua jambo hilo kutoka vitabuni. Jiwe halikuwa likivunjika tena. Njia ilikuwa imefunguka, na kilichokuwa chini kilikuwa kikipita.

Akasimama katikati ya daraja, mikono juu, mbele ya lori.

"Ondoka, Ama!" dereva alipiga kelele. "Kopong yuko juu!"

"Najua aliko. Zima gari."

"Nimemwahidi!"

"Hata mimi nimemwahidi. Zima gari."

Dereva alimtukana, akalia, akazima gari. Ilikuwa saa kumi kamili. Kutoka darajani mpaka kwenye ubao ni dakika kumi na nane. Saa kumi na dakika ishirini Ile Lodo ulifunguka upande wa kusini, na kitu kama ukuta wa kijivu kikaingia kwenye korongo na kushuka, bila haraka kwa jinsi kilivyoonekana kwa mbali, kikajaza Lewokoli kuanzia majiko ya nyuma mpaka penye kuingilia, kikafika nusu ya njia ya daraja, kikasimama. Kishindo kilikuja baadaye.

Bala alipiga hesabu bila kutaka. Lori lingefika saa kumi na dakika kumi na nane.

Shule ya pwani ilijaa majivu kabla ya jioni. Mchana ulikuwa na rangi ya chuma, na watu walijifunga nguo mdomoni. Bala alisimama mlangoni akiita majina, nyumba kwa nyumba, nyumba thelathini na moja. Peni aliitika kwa ajili ya nyumba yake. Alitaja jina la mzee, la kwake, na kisha akaacha nafasi.

Wagema walifika wakati majina yakimalizika. Walikuwa watatu, weupe kama waliopakwa unga, wamepitia korongo la magharibi. Mmoja wao aliongea huku akimtazama Bala ili asimtazame Peni.

"Alitusukuma tupite magharibi. Tukamwambia, twende wote. Akasema hapana, lori litakuwa linamsubiri penye ubao, dereva asije akakaa pale peke yake bila kujua kwamba sisi tumeshapita. Akashuka."

Peni alivuka chumba chote mpaka alipo baba yake, akasimama karibu naye sana.

"Lori lilikuwa wapi?"

"Darajani. Nililizuia."

"Kama lingekwenda?"

"Angekufa dereva pia."

"Na kama ungesema Alhamisi?"

Alitamani kuwepo jibu lenye kina kirefu, lenye mabamba na kilomita na maji yanayoyeyusha mawe. Mlima ungetoka hata hivyo. Hilo lilikuwa kweli, na halikuwa alichoulizwa.

"Mngekuwa na siku tatu," alisema.

Peni aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea kipimo alichotaka kukijua. Hakuondoka. Redio kwenye mkono wa Bala ikaamka.

"Kaka Bala, unanisikia? Ofisi kuu wamepandisha daraja. Wanataka taarifa kamili sasa hivi. Mitetemo ilianza lini, na kwa nini haikuripotiwa." Sabon akashusha sauti. "Nisikilize. Betri ya juu imekufa tangu mwezi uliopita, wanajua. Tuandike kwamba na chombo cha Lewokoli kilikuwa kibovu. Hakipo tena, kimezikwa chini ya majivu, nani atakichimbua? Miaka kumi na tisa, kaka. Sema ndiyo tu, mimi nitaandika."

Chumba kizima kilisikia. Ina Barek, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, alikaza midomo na kutazama rozari yake. Kwenye kona ya mwisho mzee Laga aliketi sakafuni, kiganja kikiwa chini, akisikiliza.

"Chombo kilikuwa kizima," Bala alisema. "Andika. Alhamisi, saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, mtetemo wa kwanza. Siku hiyo arobaini na moja. Ijumaa tisini na sita. Jumamosi mia mbili na kumi. Yote yaliwekewa alama ya jikoni na mwangalizi, Bala Lamawuran, ambaye hakuuliza kama kuna jiko linalopika. Waliofariki, mmoja, Kopong mwana wa Laga. Umeandika?"

"Nimeandika," Sabon alisema, na sauti yake ilikuwa mbali sana.

Bala alishusha redio. Bintiye alikuwa bado amesimama pale pale, majivu yamemjaa kwenye nyusi, na kwa mara ya kwanza tangu mchana alimshika mkono, juu kidogo ya kiwiko, akambana kwa nguvu mpaka ikauma.

"Rudia, Baba," alisema. "Yote, tangu Alhamisi. Njoo uyarudie pale kwenye kona. Ama Laga hakusikia vizuri."

Akamwongoza mpaka kwa mzee, na Bala akapiga magoti, akaanza tena.